Kisu hakipati ugumu kutoka kwenye maji

Kuna imani ya siku nyingi kwamba anayetia kisu matiko, yaani kukipasha moto kisha kukipoza ghafla, hukipa ugumu wa maji, na kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo kisu kinavyokuwa bora. Sivyo. Maji hayaingizi chochote ndani ya chuma. Yanaondoa joto tu. Ugumu unatokana na kaboni iliyomo. Msumari wa kawaida una kaboni kidogo mno: hata uupashe moto na kuuzamisha kwenye barafu, bado utapinda.

Springi ya gari, kipenzi cha wahunzi wanaofua visu, ina kaboni ya kutosha, kama asilimia 0.6. Ipashe hadi sumaku isiishike tena, karibu nyuzi 770 za Selsiasi, kisha uongeze joto kidogo. Hapo kaboni husambaa ndani ya chuma, na ukikipoza ghafla hunaswa humo humo. Mafuta ya kupikia ya uvuguvugu yanatosha. Maji huipoza springi kwa pupa mno, na ule mlio mdogo wa “ti!” ambao wengine huufurahia mara nyingi ni ufa.

Hata hapo kisu hakijawa tayari: kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama kigae. Kirudishe kwenye nyuzi 200 hivi kwa saa mbili. Oveni ya mikate inafaa kabisa.