Kwa nini mrengo wa kushoto wa Ufaransa ulimchagua Chirac, mtu uliyempinga miaka yote?

Je, wajua kwamba Mei 5, 2002, mamilioni ya wasoshalisti na wakomunisti wa Ufaransa walimpigia kura Jacques Chirac, kiongozi wa mrengo wa kulia waliyekuwa wakimpinga tangu ujana wao? Alipata asilimia 82. Kesho yake wakaamka wakiwa wapinzani wake vilevile.

Chanzo ni duru ya kwanza, Aprili 21. Wagombea walikuwa 16, na karibu kila mtu aliamini fainali itakuwa kati ya Rais Chirac na waziri mkuu msoshalisti, Lionel Jospin. Kwa hiyo wengi wa mrengo wa kushoto wakajiachia: huyu akampa kura mwanamazingira, yule mkomunisti, mwingine Mtrotsky (mkomunisti wa msimamo mkali, mfuasi wa Trotsky), wote wakijua Jospin watamrudia duru ya pili. Hakukuwa na duru ya pili ya Jospin. Chirac alipata asilimia 19.88, Jean-Marie Le Pen wa National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia, 16.86, Jospin 16.18. Kura zilizomtenganisha na Le Pen hazikufika 200,000. Usiku uleule akatangaza kuachana na siasa.

Sheria ya Ufaransa inataka mshindi wa urais avuke nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudiana. (Kenya nayo ina duru ya pili ya urais kisheria, ila haijawahi kufikiwa. Tanzania anayeongoza ndiye mshindi, hata asipofika nusu.) Maana yake, mtu wa kushoto alibakiwa na majina mawili, na yote hayakuwa yake.

Lakini hayakuwa mabaya kwa kiwango kimoja. Le Pen alitaka kazi na nyumba za umma wapewe kwanza Wafaransa, wageni baadaye. Mwaka 1987 aliziita chemba za gesi za Wanazi kitu kidogo tu katika historia ya Vita Kuu ya Pili, na mahakama ikamkuta na hatia. Chirac, kwa upande wake, alikuwa ameandamwa na tuhuma za fedha tangu alipokuwa meya wa Paris; mwaka 2011 alikuja kuhukumiwa kifungo cha nje cha miaka miwili kwa kashfa ya ajira hewa. Wapiga kura hawakujifanya hawajui. Kaulimbiu yao ilikuwa: mpigie tapeli, usimpigie fashisti. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Sasa tazama upigaji kura wenyewe. Mfaransa haweki alama kwenye karatasi. Anachukua vikaratasi vilivyokwisha kuchapwa majina, anaingia kibandani, anatia kimoja kwenye bahasha. Akiandika juu yake "nakupa shingo upande", kura imeharibika. Baadhi wakapanga kwenda wamevaa glavu, au wamejibana pua kwa vibanio vya nguo, na mamlaka zikaonya kwamba kujionyesha hivyo kunavunja siri ya kura. Sababu yako, basi, uisemee nje ya kituo. Wakaisemea: Mei 1, zaidi ya watu milioni moja waliandamana nchi nzima dhidi ya Le Pen.

Hapo ndipo naona msimamo wao ulisalimika. Wasoshalisti hawakuuza kura kwa uwaziri. Hawakusema Chirac amebadilika. Wiki chache baadaye, kwenye uchaguzi wa wabunge wa Juni, walizunguka nchi wakiomba kura ili kumnyima wingi bungeni. Walishindwa, lakini hakuna aliyeweza kusema wamehamia kwake.

Wapo waliokataa. Arlette Laguiller, Mtrotsky aliyepata zaidi ya asilimia 5 duru ya kwanza, hakuwaambia watu wake wampigie Chirac. Hoja ya upande huo si ya kupuuzwa, kwa sababu sanduku la kura halihesabu sababu, linahesabu vikaratasi. Chirac alichaguliwa na watu wa kila mrengo, kisha akaunda serikali ya mrengo wa kulia. Mwaka 2003 vyama vya wafanyakazi vikawa barabarani kupinga mabadiliko yake ya pensheni.

Na kura ya namna hii huchosha. Mwaka 2017 Marine Le Pen, binti wa Jean-Marie, alipofika fainali na Emmanuel Macron, mgombea wa siasa za kati, zaidi ya kura milioni nne zilikuwa tupu au zimeharibika. Mwaka 2022 Marine alipata asilimia 41. Hata hivyo, kwenye uchaguzi wa bunge wa 2024 zaidi ya wagombea 200, wengi wao wa kushoto na wa kambi ya Macron, walijitoa kabla ya duru ya pili ili kupisha aliye na nafasi ya kukishinda chama cha Marine. Chama hicho kilichoongoza duru ya kwanza kikaishia cha tatu kwa viti, na waliopishana wakaanza mara moja kugombania nani awe waziri mkuu.