Seli za Neva za Mtoto Tumboni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mjini Tabora habari za mtoto kuumbika tumboni huzungumzwa sana, kliniki na nyumbani, lakini zikifika kwenye ubongo na neva huchanganyika: nusu ni sayansi ya darasani iliyokwisha kusahaulika, nusu ni maneno ya barazani. Jambo moja hupotea katika mazungumzo hayo, nalo ni kwamba aina ya seli ya neva huamuliwa na mahali seli hiyo ilipo na wakati inapozaliwa, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Dhana: Kila aina ya seli ya neva hupewa jeni zake za pekee.

Si kweli. Seli inayokaza msuli wa mguu na ile inayopeleka habari za kidole kilichoungua zina jeni zilezile. Mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alichapisha majaribio ambamo kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, yaani sehemu inayobeba jeni, kilipandikizwa ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa, na baadhi ya mayai hayo yakakua hadi kuwa viluwiluwi. Kinachotofautisha seli ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Dhana: Seli ya neva huzaliwa ikiwa tayari inajua kazi yake.

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote. Mwanzoni mgongo wa kiinitete, yaani mtoto akiwa ndio kwanza anaanza kuumbika, ni utando bapa wa seli zinazofanana. Utando huo hujikunja, kingo zake zikainuka na kukutana, ukawa mrija ambao sehemu yake ya kichwani itakuwa ubongo na iliyobaki itakuwa ugwe wa mgongo. Chini ya mrija, upande wa tumboni, hulala ufito mwembamba uitwao notokodi, unaotoa protini iliyopewa jina la Sonic hedgehog. Protini hiyo huwa nyingi karibu na notokodi na hupungua kadiri inavyosambaa, kama harufu ya tumbaku inavyomjaa puani aliyesimama mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku kule Urambo na kumfikia kwa mbali tu apitaye barabarani. Kutoka upande wa mgongoni husambaa protini nyingine, za jamii ya BMP. Kila seli hupima kiasi inachopata na muda ambao imekuwa ikikipata, kisha huwasha jeni zinazolingana na mahali ilipo. Ndiyo maana seli zinazoendesha misuli hutokea upande wa tumboni, na zile zinazopitisha habari za mguso na maumivu hutokea upande wa mgongoni.

Ushahidi umo ndani ya yai la kuku. Yai lililoatamiwa siku mbili hivi likikatwa kidirisha kwenye ganda, kiinitete huonekana juu ya kiini cha njano: mstari mweupe usiotimiza sentimeta moja, na ubavuni mwake moyo ulioanza kupiga. Watafiti walichukua kipande cha notokodi ya kiinitete kimoja wakakipachika kando ya mrija wa kingine, na seli za upande huo, ambazo zingekuwa za aina nyingine kabisa, zikawa seli za kuendesha misuli. Wakati nao una nguvu yake, kwa maana eneo lilelile linalozalisha seli za kuendesha misuli baadaye huacha kazi hiyo na kuanza kuzalisha oligodendrosaiti, ambazo si seli za neva bali ni seli zinazozivika neva utando wa mafuta.

Dhana: Neva huanza kuumbika mimba ikishakua, hivyo vidonge vya kliniki vinatosha.

Mrija wa neva hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo mama amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu na pengine hajashtuka. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Seli za neva huwa zimeumbika, ila zimeachwa wazi kwenye maji ya uzazi, na hudhurika. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hilo, ukaonyesha kuwa asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, iliyoanzwa kabla ya mimba ilizuia takriban visa saba kati ya kumi. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, vyenye madini ya chuma na asidi hiyo, vina kazi kubwa na visiachwe, lakini anayeanza kuvimeza mimba ikiwa na miezi minne amekuta mrija ulifunga zamani, au haukufunga. Anayepanga kuzaa anashauriwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku kabla ya kushika mimba, hasa kama ugali wake ni wa sembe ya mashine ya mtaani, ambayo kwa kawaida haiongezwi virutubishi. Wanaosema mgongo wazi huletwa na laana au kumcheka mlemavu wanakosea.

Dhana: Neva za utumbo huota humohumo kwenye utumbo.

Karibu zote hutoka mbali. Mrija unapofunga, seli za ukingoni mwake hubanduka na kusafiri, na zile zinazotoka karibu na shingo huingia kwenye utumbo na kushuka nao hadi mwisho. Nicole Le Douarin wa Ufaransa, kuanzia mwaka 1969, alizifuatilia kwa kupandikiza seli za kware katika kiinitete cha kuku, kwa kuwa kiini cha seli ya kware hutambulika chini ya hadubini. Zisipofika mwisho wa safari, kipande cha mwisho cha utumbo hubaki bila neva na hakiwezi kusukuma choo. Kwa hiyo kichanga ambaye saa 48 zimepita hajatoa kile choo cheusi cha kwanza, na tumbo limevimba, apelekwe hospitali. Asisubirishwe kwa kuambiwa ni chango.

Dhana: Seli za neva zikifa tumboni, mtoto ana ugonjwa.

Karibu nusu ya seli za kuendesha misuli hufa kabla ya kuzaliwa, na hiyo ni kawaida. Katika kiinitete cha kuku, chipukizi la mguu likiondolewa seli nyingi zaidi hufa, na mguu wa ziada ukipandikizwa nyingi zaidi hupona, yaani idadi ya seli hulinganishwa na misuli iliyopo.