Namba ya keneli si kipimo cha kasi wala usalama

Swali ni lilelile: "Nina Debian 12, keneli 6.1. Nipandishe hadi keneli ya sasa ili kompyuta iwe nyepesi na salama?" Keneli ni kiini cha mfumo wa Linux, kinachoongoza vifaa vya kompyuta; Debian ni mfumo mmojawapo wa Linux. Kwa sababu hiyo pekee, usipandishe. Mwaka 2022 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alitoka 5.19 akaenda 6.0 kwa kuwa tu namba ya pili ilishakuwa kubwa. Hakuna jipya la ajabu lililofungua ukurasa huo.

Watu wanachanganya mambo mawili. Kusasisha ndani ya mfululizo mmoja (mfano 6.1.64 kwenda 6.1.66) ni lazima, tena mapema. Kuhamia mfululizo mwingine ni uamuzi, na unahitaji sababu. 6.1 ilitoka Desemba 2022, lakini inayoletwa na apt, programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha, leo siyo ile ya siku hiyo: mashimo ya usalama yanayozibwa kwenye keneli mpya huzibwa humo pia. Tatizo ni kwamba amri ya uname -r kwenye Debian 12 huonyesha 6.1.0 na namba ya kifurushi, basi mtu akaona sifuri akadhani ameachwa nyuma miaka. Tazama uname -v. Hapo utaona toleo halisi, kwa mfano 6.1.66-1, pamoja na tarehe yake.

Hata mfululizo uliotulia huteleza. Desemba 2023, 6.1.64 ilikuja na kasoro iliyoweza kuharibu data kwenye ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski; Debian ikasitisha toleo la 12.3 na kutoa 12.4 yenye 6.1.66. Kwa hiyo nakili data zako kwanza, na usifute keneli ya zamani mapema.

Sababu nzuri ya kuhama ni kifaa kisichotambuliwa. Endesha lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa na drayva (programu ya kukiendesha kifaa) ya kila kimoja. Kama chini ya kadi ya Wi-Fi hakuna mstari wa "Kernel driver in use", washa hazina ya backports, yenye matoleo mapya zaidi kwa Debian hiyohiyo, kisha:

sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64 linux-headers-amd64 firmware-iwlwifi

Hicho cha mwisho ni cha kadi za Intel. Drayva mpya mara nyingi hudai femwea mpya, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Ukiacha headers, DKMS (zana inayojenga upya moduli, yaani vipande vya kuongeza kwenye keneli) haitajenga moduli za NVIDIA wala VirtualBox. Na hata ukiziweka, drayva ya NVIDIA ya zamani inaweza kugoma kujengeka juu ya keneli mpya. Secure Boot, ulinzi unaokagua saini kompyuta inapowaka, ikiwa imewashwa, moduli ya DKMS isiyosainiwa kwa MOK, yaani ufunguo wako uliousajili, hukataliwa.

Kabla ya yote, endesha df -h /boot kuona nafasi iliyobaki kwenye sehemu ya diski inayohifadhi keneli. Nafasi ikiwa chini ya MB 200, safisha kwa apt autoremove --purge. Initrd, faili inayosaidia keneli kuanza, ikikosa nafasi hukatikia njiani, na keneli hiyo huenda isiwake.

Jambo moja halitabiriki: kama laptopu italala na kuamka vizuri. Lijaribu siku ya kwanza, pamoja na sauti na skrini ya nje. Ikigoma, washa upya, ingia "Advanced options" kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, chagua 6.1.