Rindi ndiye Mandara: dhana potofu kuhusu kuunganisha kumbukumbu za makumbusho

Mwanafunzi wa Moshi anayeandika habari za Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi wa Old Moshi, aliyefariki mwaka 1891, anaweza kutafuta jina hilo siku nzima kwenye katalogi za Ulaya asipate kitu. Si kwamba hakuna. Wazungu wengi wa zama zile walimwandika Mandara. Mtu ni yule yule, ila kompyuta inaona herufi tu, na herufi hizo hazifanani.

Dawa yake watunza nyaraka wanayo siku nyingi: rekodi ya utambulisho. Mtu, mahali au taasisi hupewa rekodi moja yenye namba yake, na humo huandikwa majina yote aliyowahi kuitwa, miaka yake, cheo chake na jamaa zake. Kisha kila makumbusho hubandika namba hiyo kwenye maelezo ya picha, barua au mkuki ilionao. Ni kama namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Nyumbani unaitwa Baba Neema, kanisani Elinami, mtaani una jina la utani ambalo mkeo hataki kulisikia, lakini namba ni moja.

Hadi hapo wengi huelewa. Baadaye ndipo huja dhana potofu zifuatazo.

“Kwa hiyo vitu vyote vitahamishiwa sehemu moja.”

La. Kinachounganishwa ni maelezo, vitu hubaki vilipo. Tazama Laetoli, kule Ngorongoro. Mwaka 1939 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota huko kipande cha taya la juu la binadamu wa kale, nacho kiko Tübingen, Ujerumani, kwa jina la Garusi, mto wa eneo hilo. Taya la chini lililopatikana mwaka 1974, ambalo ndilo kielelezo rasmi cha spishi ya kale iitwayo Australopithecus afarensis, liko Dar es Salaam. Nyayo maarufu zilizogunduliwa mwaka 1978 zimebaki ardhini kwenyewe. Maandishi mengine ya zamani yanasema Laetolil, na “l” mwishoni. Ni majina matatu na nchi mbili kwa eneo moja. Rekodi ya mahali ikieleza kwamba Garusi ni mto ulio ndani ya eneo la Laetoli, mtafiti aliyekaa Arusha anaviona vyote kwa mpigo bila hata jiwe moja kupanda ndege.

“Kwanza tukubaliane jina sahihi.”

Hapa ndipo vikao huvunjika. Ni Chagga au Chaga? Na yule Mjerumani aliyeandika Dschagga tumfanye nini? Na lile bonde la Ngorongoro: Oldupai, kama Wamaasai wanavyosema, au Olduvai ya vitabuni?

Rekodi ya utambulisho imebuniwa kwa ajili ya watu wasiokubaliana. Kanuni ya ISAAR ya Baraza la Kimataifa la Nyaraka, toleo la pili la mwaka 2004, inatenga nafasi ya jina kuu, nafasi ya jina hilo kwa lugha nyingine, na nafasi ya majina mengineyo. Jina la zamani halifutwi, hata likiudhi. Kilele cha Kibo, kule Kilimanjaro, ambacho Hans Meyer alikiita kwa jina la Kaiser Wilhelm mwaka 1889 leo ni Uhuru, na hakuna anayelia kwa hilo. Lakini ukilitupa jina la Kaiser, umejifungia mlango wa ramani na picha zote za enzi za Mjerumani.

Hata hivyo nani anachagua jina kuu si jambo dogo. Anayeiandika rekodi wa kwanza ndiye huliweka jina analolijua yeye, wengine tunafuatia. Kwa maoni yangu Rindi awe juu na Mandara chini yake, na wa kulisema hilo wako Old Moshi.

“Tukishaskani, basi.”

Picha iliyoskaniwa na kuandikwa “mzee wa Kichagga” ni picha iliyopotea kwa rangi nzuri zaidi.

“Kompyuta itaoanisha yenyewe.”

Itapendekeza, na itakosea kwa kujiamini. Chukua neno Moschi kwenye lebo ya kijerumani ya miaka ya 1890. Programu italipeleka moja kwa moja Moshi mjini, kwenye mzunguko wa magari na vibanda vya mitumba. Lakini Moschi ya wakati ule ni Old Moshi, juu mlimani. Mji wa leo ulikua huku chini baada ya reli kufika. Jina ni moja, mahali ni pawili, na mashine haina habari.

Watu ndio wagumu zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimekutanisha mafuvu ya enzi za ukoloni na ndugu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli (Meli ni mtoto wa Rindi), na lilikuwa limeandikwa “Akida”. Sasa akida ni cheo. Kila mwenye Kiswahili anajua kwamba maakida walikuwa wengi pwani na bara, lakini programu ingeweza kulichukua kama jina la mtu na kuwarundika wote kwenye rekodi moja. Kazi hii inamtaka mtu anayejua tofauti ya jina na cheo, na anayejua ukoo upi ulikaa wapi.

“Haya ni ya makumbusho tajiri.”

Faili la Excel lenye safu moja ya ziada ya namba linatosha kuanzia. Wikidata, hifadhi ya taarifa ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2012, ni bure na yeyote anaweza kuongeza jina. Kinachogharimu ni muda wa mtu.

“Makumbusho ya Ulaya yakishatuunganishia kumbukumbu, yametulipa.”

Hili husemwa kwa adabu sana kwenye mikutano, nami silikubali. Kiungo kwenye skrini si kurudisha. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Katika majibu yale ya 2023 fuvu lake halikuwamo. Rekodi nzuri ya utambulisho inaweza kusema Meli ni mtoto wa nani, aliuawa lini, na ni faili zipi, za mji upi, zinazomtaja. Nafasi ya kuandika fuvu liko wapi ingali tupu.