Je, wajua? Nuru kongwe imepoteza karibu nishati yake yote, na hakuna aliyeipokea

Shuleni tulikaririshwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika umbo tu. Sasa itazame nuru iliyoachiwa huru ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Joto lake lilikuwa kelvini 3,000 hivi (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa). Arno Penzias na Robert Wilson walipoinasa kwa antena huko New Jersey, Marekani, mwaka 1964, ilikuwa imebaki mnong'ono wa mawimbi ya redio wenye joto la kelvini 3 hivi.

Njiani anga lenyewe, yaani nafasi ya ulimwengu, limetanuka, likavuta kila wimbi hadi likawa refu mara 1,100 hivi. Wimbi la nuru likirefuka mara mbili, nishati ya fotoni yake, yaani chembe ya nuru, hupungua nusu. Kwa hiyo kila fotoni imebakiwa na sehemu moja tu kati ya 1,100 ya nishati iliyoanza nayo. Haikugonga kitu, haikupasha kitu joto. Nishati iliyopotea imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Najua, jibu hilo linaudhi.

Mwaka 1918 Emmy Noether, mwanahisabati wa Kijerumani, alionyesha sheria ile ya shuleni inatoka wapi. Alikuwa Göttingen, alikoitwa na David Hilbert na Felix Klein, waliokuwa wakihangaishwa na fumbo hilihili la nishati katika nadharia ya Einstein ya uhusianifu wa jumla, inayoeleza mvutano. Nishati hubaki kiasi kilekile pale tu ambapo mazingira yenyewe hayabadiliki muda ukipita. Rusha jiwe juu leo, lirushe tena kesho: mvutano wa dunia ni uleule, hesabu inafunga. Ulimwengu unaotanuka hauna leo iliyo sawa na jana. Sharti halipo, basi na sheria haipo.

Si kwamba mambo yanakwenda kiholela. Ndani ya maabara mtanuko huo hauonekani kabisa na hesabu inafunga kama kawaida. Na milinganyo ya Einstein inataja barabara fotoni itapungukiwa kiasi gani. Wako wanafizikia wanaosema nishati imeingia kwenye mvutano. Unaweza kuandika hivyo, ila huwezi kuonyesha mita ya ujazo fulani ukasema humo mna kiasi hiki, kwa sababu anayeanguka huru hauhisi mvutano hapo alipo. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kuandika "mengineyo" daftarini ili jumla ilingane.

Kuna na kinyume chake. Mwaka 1998 vikundi viwili vya wanaastronomia, vikipima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali, viligundua kwamba mtanuko unazidi kuongeza kasi. Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba anga tupu lina nishati yake, chini ya sehemu moja ya bilioni ya jouli (kipimo cha nishati) katika kila mita ya ujazo, na kiwango hicho hakizimuki anga linapotanuka. Kila mita mpya inazaliwa na fungu lake mkononi, na hakuna mahali palipopunguziwa.