Nimeshaomba Msamaha, Mbona Bado Anakumbuka?

Kuna kauli naisikia kikao baada ya kikao ninapowashauri wanandoa, na safari hii uvumilivu umeniishia: "Yalikuwa maneno ya hasira tu, na nimeshaomba msamaha. Mbona bado anakumbuka?" Anayeisema huwa ameudhika kwelikweli. Anaona yeye ndiye anayeonewa, kwamba deni kalilipa na bado anadaiwa. Na ndugu wakiitwa kusuluhisha, humuunga mkono: hakumpiga, hakumfukuza, kasema tu.

Anakumbuka kwa sababu mwili wake uliamriwa ukumbuke. Mtu akishtuka au akiumizwa moyo, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, na homoni hizo, kupitia sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, hulikaza tukio kwenye kumbukumbu kuliko mambo ya kila siku. James McGaugh, mtafiti wa Marekani, alilichunguza jambo hili kwa miongo mingi. Ndiyo maana mke anaweza kukaa mbele yangu akaeleza kwamba alikuwa amesimama mlangoni, mkononi ana nguo alizotoka kuzianua, mtoto anamvuta gauni, kisha akalitaja neno lenyewe kwa lafudhi ileile lilivyotamkwa. Mume anamtazama kwa mshangao: "Mimi nilisema hivyo?" Hadanganyi. Yeye alilitoa akapata nafuu, akalala.

Hapa pana utata, na si vizuri kuuficha. Kumbukumbu iliyokazwa na maumivu huwa wazi sana, lakini si lazima iwe sahihi kwa kila kipengele, na mwenye nayo huwa na uhakika kupita kiasi. Kwa hiyo siendeshi kesi ya nani alisema nini. Namuuliza aliyesikia: tangu siku ile, umeacha kufanya nini? Majibu ndiyo yanayonionyesha ukubwa wa jeraha. Huyu aliacha kuimba akiwa jikoni. Yule haombi hela ya dawa mpaka azidiwe. Mwingine hamsimulii tena mumewe yaliyomtokea kazini, anajibu "salama" na kuingia kuoga.

Sasa nije kwenye linalonikera zaidi: watu kudhani kwamba tatizo ni hasira. Wapo wanandoa wanaogombana mpaka mtaa mzima unajua, na bado wanaaminiana. "Umerudi usiku bila hata kupiga simu, umeniudhi sana" ni lalamiko juu ya jambo, na jambo hurekebishika. "Ndiyo maana hata kwenu hawakutaki" ni hukumu juu ya mtu. "Mwanamume gani wewe, wenzako wanajenga" ni hukumu vilevile, na ninyi kina mama mnaodhani kwamba kutukana ni kosa la wanaume peke yao, hili ni lenu. Hiyo inaitwa dharau, wala haihitaji kelele. Husemwa taratibu, kwa tabasamu, mbele ya wageni, ikafuatiwa na "natania tu jamani".

John Gottman na Robert Levenson, watafiti wa ndoa wa Marekani, waliwarekodi wanandoa wakizozana, wakawafuatilia kwa miaka kuona nani wameachana. Katika mambo manne ambayo Gottman aliyaona ni hatari, yaani lawama za kumshambulia mtu, dharau, kujitetea kwa kila jambo na kununa, dharau aliiona mbaya kuliko yote. Pia alisema kwamba kwa wanandoa walio imara, hata katikati ya mzozo, mema huwa kama matano kwa kila baya moja. Jamani, hii ya tano kwa moja imeharibiwa! Nimekutana na watu wanaoichukulia kama vocha: sifu mara tano, kisha una ruhusa ya tusi moja. Gottman alikuwa anaeleza jinsi watu wanaopendana wanavyozozana. Hakuwa anatoa leseni. Na madai yake kwamba anaweza kutabiri talaka kwa zaidi ya asilimia 90 mimi siyabebi kichwani, kwa sababu mwaka 2001 watafiti wengine, Richard Heyman na Amy Smith Slep, walionyesha kwamba hesabu za aina hiyo hupungua nguvu sana zikijaribiwa kwa wanandoa wengine, tofauti na wale waliotumiwa kuzitengeneza. Dharau naiogopa kwa ninayoyaona vikaoni, si kwa sababu ya asilimia.

Halafu kuna masimango. "Nilikuokota huna mbele wala nyuma." Simango huchukua wema wa jana na kuugeuza kamba ya kumfunga mtu leo, na tangu hapo kila zawadi hupokewa kwa woga. Baya kuliko hilo ni kumpiga mtu kwa siri yake mwenyewe. Mwenzio alikueleza usiku, kwa kujikaza, kwamba mama yake aliwatelekeza wakiwa wadogo, na kwamba anaogopa kuwa kama yeye. Siku ya ugomvi unamwambia: "Wewe na mama yako ni kitu kimoja." Ungelisema hilo kwa mpita njia lisingekuwa na maana yoyote. Kwake limeuma kwa sababu kisu alikukabidhi mwenyewe, na alikukabidhi kwa kukuamini.

Kwa wale wa "sikumpiga": mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichapisha utafiti wa wanandoa 42 waliotiwa vidonda vidogo mkononi kwa makusudi, kisha wakapimwa kasi ya kupona. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mazungumzo ya mzozo, na kwa wale wenye uhasama mkubwa kasi ilikuwa kama asilimia 60 ya kasi ya wenye uhasama mdogo. Wanandoa 42 si wengi, na sitajenga dini juu yao, lakini usiniambie kwamba maneno huishia sikioni.

Watoto nitawagusa kwa ufupi. Kutukanwa na kudhalilishwa na mzazi kumo katika orodha ya madhila ya utotoni ambayo utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1998 uliyahusisha na magonjwa ya ukubwani. Basi tusidanganyane kwamba mtoto hana kumbukumbu.

Tukirudi kwenye msamaha: "nisamehe kama nimekukosea" haujataja chochote. Litaje neno ulilolisema, useme si kweli, na usitie "lakini". Mwenzio akilirudia mwezi ujao, sikiliza tena bila kukunja uso, maana anapima kama mlango bado uko wazi. Moyo ukidunda kwa kasi katikati ya mzozo, pumzikeni angalau dakika 20, na useme utarudi saa ngapi. Wapo wanaopona kwa njia hii. Wapo wasiopona, na sijawahi kuweza kujua mapema watakuwa kina nani.

Yote haya ni kwa watu wawili wanaoumizana bila kutaka. Pale matusi yanapokuwa ya kila siku, yameambatana na vitisho, kunyimwa hela na kukatazwa ndugu, hatuzungumzii tena ulimi ulioteleza. Hapo sikai na wote wawili chumba kimoja, kwa kuwa atakayosema mbele yangu anaweza kuadhibiwa nayo wakifika nyumbani. Namwona anayetukanwa peke yake, na la kwanza tunalozungumza ni usalama wake.