Wekundu wa samaki wa usiku haumwaniki kwa adui

Ukiona picha ya samaki wa jamii ya Holocentridae, mwekundu kama pilipili iliyoiva na macho makubwa yaliyomtoka, ni rahisi kudhani kwamba rangi hiyo inamtangaza kwa kila adui. Dhana hiyo haina ukweli. Tunamhukumu kwa mwanga wa kamera, ambao kule anakoishi haupo.

Maji hufyonza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine. Ukishuka mita kumi hivi, sehemu kubwa ya wekundu imeshapotea, na samaki yule yule anaonekana wa kijivu au karibu mweusi. Usiku ndiyo kabisa: anageuka kivuli ndani ya kivuli. Mzamiaji akimmulika kwa kurunzi, wekundu unarudi ghafla, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Mchana hujibanza mapangoni na kwenye nyufa za matumbawe, mara nyingi kwa makundi. Jua likizama hutoka kula. Wa jenasi ya Myripristis hufuata viumbe wadogo wanaoelea majini. Wale wa Sargocentron hupekua chini wakitafuta kaa na kamba. Macho yale makubwa hukusanya mwanga hafifu uliopo.

Wala si mabubu. Hutoa milio kwa kutikisa kibofu cha hewa kwa misuli maalumu, hasa wanapotishwa. Na anayewashika awe na hadhari: Sargocentron wana mwiba mkali shavuni, na wa Sargocentron spiniferum una sumu.